Nani Anakujua Hapa?

Saa tano usiku, Yombo Vituka,
natoka zamu ya jioni, wodi ya wazazi,
viatu mkononi kwa ajili ya tope.
Nikatia mkono mfukoni: sarafu, pipi ya kifua, kalamu ya hospitali.
Ufunguo hamna.
Nikaukung'uta mkoba mzima juu ya ngazi,
nikapapasa kama mtu anayechagua mchele gizani.
Hamna.

Namba ya fundi ilichorwa kwa rangi nyekundu
kwenye ukuta wa mashine ya kusaga:
VITASA, KUFULI, FUNGUO. NGWALE.
Simu yangu ilibaki na asilimia nne.
Akaja kwa bodaboda, mfuko wa turubai begani,
akautazama mlango, akanitazama mimi,
kisha akakaa kibarazani, akakunja mikono.
"Mama, nani anakujua hapa?"

Nilimtolea maneno.
Kwamba kodi nimelipa ya miezi sita,
kwamba pazia lile la bluu nimelishona mwenyewe,
kwamba nimesimama tangu adhuhuri,
nimepokea watoto watano, mmoja katanguliza miguu,
na sasa yeye ananiuliza mimi ni nani!
Hakugusa hata bisibisi.
"Hata mwizi ana hadithi ya pazia," alisema.
"Na huisimulia kwa upole kukuzidi."

Basi nikamgongea Mama Kokusima.
Alitoka na kanga moja, mswaki mdomoni,
akanimulika usoni kwa tochi ya simu,
akasema, povu likimdondoka:
"Ndiye. Ana sufuria yangu tangu Idi."
Huo ndio ushahidi wangu wote duniani.

Fundi akachomeka vyuma viwili, vyembamba kama miiba ya samaki,
akainamisha sikio,
mlango ukafunguka.
Sikuwa nimemaliza kupiga mwayo.
Nikasimama kizingitini, sikuingia.
Miaka mitatu nimelala nyuma ya kitu
kinachodumu kama mwayo.

Nikamkumbuka yule wa Tandika,
kijana mchangamfu, bei poa, soda juu yake,
aliyenichongea ufunguo wa pili mwaka juzi.
Hakuuliza chochote. "Kaa kivulini, dada,"
akanigeuzia mgongo kidogo,
na mezani palikuwa na kipande cha sabuni.
Nilidhani ni cha kunawia.
Redio ilipotea Februari, na pesa za kabatini.
Mlango haukuwa na mkwaruzo.
Nilimshuku mpwa wangu, Fikiri.
Akarudi kwao Kilosa bila kuaga.

Kesho yake nikaenda kwenye meza ya Ngwale.
Alikuwa amekipasua kitasa changu, matumbo nje,
springi zake kwenye kifuniko cha soda.
Akanionyesha: bati lililopakwa dhahabu.
Akaniambia pia bawaba zangu zimekaa upande wa nje,
"bisibisi moja tu, mama, kitasa hakitaulizwa swali."
Hilo hakulitoza.
Akafungua kipya mbele yangu, bado kina mafuta,
akachonga funguo tatu mbele ya macho yangu,
akazihesabu kiganjani kwangu kama chenji,
akaongeza na ule wa nne, aliokosea meno.
"Huu nao ni wako. Kautupe utakako, ila si hapa kwangu."
Vumbi la shaba akalipuliza.

Mmoja uko shingoni mwangu.
Mmoja nimeushonea ndani ya mto.
Wa tatu unalala kwa Mama Kokusima,
kwenye kopo la chumvi,
maana sufuria yake bado iko kwangu.

Jana nilipiga Kilosa. Iliita sana.
Ikapokelewa, sauti nzito kuliko niliyoizoea:
"Nani mwenzangu?"
Nikaushika ufunguo wa shingoni,
nikakosa wa kunishuhudia.